Kifaru cha Buluu ya Kufulia

Mjomba wangu anatengeneza uchafu. Sijui niseme vipi tena. Kazini ni fundi rangi wa magari. Anashinda gereji akisugua kutu na kuziba mikwaruzo mpaka mwenye gari ajione uso kwenye mlango. Akirudi nyumbani anavuta kigoda mpaka mlangoni kwake, anapakata kifaru cha vita kidogo alichokiunda kwa mikono yake, kipya kabisa, halafu anaanza kukitia kutu ileile aliyoshinda akiitoa. Fundi matairi wa pale gereji humwambia, "Kifaru, wazimu wako wewe una zamu. Mchana unasafisha, jioni unachafua."

Kifaru ndilo jina lake mtaani, hata watoto wanamwita hivyo. Zamani alikuwa jeshini, dereva wa kifaru, kwenye vita vya mpakani vilivyokwisha kabla mimi sijazaliwa. Alirudi na sikio moja lisilosikia, na ngozi ya shingo imejikunja kama nailoni iliyopitiwa na pasi ya moto. Hakuoa. Anakaa na sisi, yaani mimi na mama yangu, ambaye ni mdogo wake na ni fundi cherehani. Chumba chake ni kile cha pembeni.

Ua wetu una vyumba vinavyotazamana na bomba la maji katikati. Juu ya bomba zimepita kamba za nguo, huku na huku, mpaka mgeni akiingia lazima ainame. Kamba hizo ni za Bibi Dobi. Anakaa chumba kinachotazamana na cha mjomba, na anafua nguo za mtaa karibu wote pamoja na mashuka ya nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi. Kwa hiyo jioni uani kwetu palikuwa na vita vyake.

"Wewe Kifaru! Vumbi lako hilo linakwenda wapi?"

"Linakwenda chini, mama."

"Chini ya nani? Mashuka ya watu haya! Mimi nautoa uchafu duniani, wewe unaurudisha."

"Ukiisha wote utakula nini? Nakutafutia kazi, mama."

Bibi Dobi anasonya, mjomba anageuza kigoda upepo uende upande mwingine, na mama yangu anauma uzi asicheke. Mimi nakaa kizingitini na kuangalia. Shule niliiacha mapema, na mtu asiyekwenda shule anapata muda mwingi wa kuangalia.

Vifaru vyenyewe anavikata kwenye madumu ya oili. Magurudumu ni vizibo vya soda, mtutu ni mrija wa kalamu, minyororo ni cheni ya baiskeli iliyochakaa. Kuunda ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni ile anayoiita kukizeesha. Anapaka rangi ya kutu kwanza, ananyunyiza chumvi juu yake ikiwa mbichi, halafu anapuliza rangi ya juu. Ikikauka anaisugua chumvi idondoke, na pale ilipokuwa chumvi, kutu inachungulia kama rangi iliyobanduka yenyewe kwa miaka. Kingo zinazokanyagwa na buti anazipitishia penseli zing'ae kama chuma. Bomba la moshi anatia masizi ya taa. Udongo anauchekecha kwa soksi ya nailoni na kuupuliza kwa mdomo, kidogokidogo, mpaka kifaru kinaonekana kimetembea nchi nzima. Juu yake hapaki vanishi. Anasema vanishi inang'aa, na kifaru kinachong'aa kimeshakufa. Kwa hiyo uchafu wake wote unakaa kwa kuegemea tu. Ukitaka kukishika unakishika kwa chini, kama yai.

Na rangi zake si zile watu wanazozitarajia. Rafuni kwake kuna kimoja cha rangi ya matofali chenye mistari ya saruji na dirisha la uongo ubavuni, kwa sababu kilikuwa kikiegeshwa kando ya ghala. Kipo chenye mistari myembamba ya kijivu, kama kivuli cha fito za ua. Kipo cha pinki, ile pinki ya vumbi jua linapozama. Vyote aliviona kwa macho yake huko vitani. "Watu wanadhani kujificha ni kijani," husema. "Kijani ni cha kujificha kwenye kijani. Unaangalia kwanza kilicho nyuma yako, halafu unakuwa hicho."

Kimoja tu hakuwahi kukiunda. Kile alichokiendesha yeye.

Sasa nimseme Mluzi, maana bila yeye habari hii haina kichwa. Mluzi alikuwa mtoto pekee wa Bibi Dobi. Alikua na mjomba, wakaingia jeshini pamoja, wakawekwa kifaru kimoja. Mjomba dereva, Mluzi mpigaji mzinga. Aliitwa hivyo kwa sababu alipiga mluzi akioga, akila, hata akigombezwa. Hakurudi. Jeshi likasema hajulikani alipo, na neno hilo Bibi Dobi alilishika kama kamba ya kisima. Hajulikani alipo maana yake yupo mahali. Mjomba alipotoka hospitali alikwenda kumwambia Mluzi amekufa, akafa ndani ya kifaru, moto. Bibi Dobi alimuuliza swali moja.

"Ulimwona?"

"Mimi nilikuwa mbele, mama. Nilirushwa nje. Mluzi alikuwa—"

"Hukumwona."

Tangu hapo wakaishi hivyo, wakitaniana juu ya vumbi na mashuka, na Mluzi hatajwi. Mjomba alimwita mama na yeye alimpelekea chai mlangoni. Labda wangefika uzeeni hivyohivyo.

Lakini akaja dereva wa lori. Ni mtu wa safari za mbali, analala ile nyumba ya wageni, na siku hiyo alikuja kuchukua shati lake. Katika maneno ya kupitisha wakati akasema kwamba ng'ambo ya mpaka, kwenye soko moja kubwa, kuna mwanamume wa makamo anayebeba mizigo huku anapiga mluzi. Anapiga vizuri kama ndege, alisema. Na hazungumzi, ni kama aligongwa kichwa zamani.

Bibi Dobi aliliachia shati kwenye beseni.

"Ana kidevu cha kuchongoka?"

"Bibi, sikumwangalia kidevu."

"Atakuwa nacho," akasema Bibi Dobi.

Dereva aliona aibu, nilimwona, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Kabla hajaondoka walikuwa wamekubaliana: akirudi kupakia atamchukua. Safari yenyewe ni ya njia mbaya, mwisho wake unavuka mto kwa miguu, na watu wenye nguvu wanakufia huko. Bibi Dobi ana kifua kinacholia akipanda ngazi tu.

Akaanza kugawa vitu. Pasi ya mkaa alimpa mama yangu. Beseni kubwa akawapa wa nyumba ya pili. Kamba akaanza kuzifungua moja moja, na ua ukawa mpana, mtu anapita bila kuinama. Mjomba akirudi kutoka kazini anasimama getini anaangalia ule uwazi.

Alijaribu kwa maneno. Siku ya kwanza alimkuta anakunja nguo.

"Mama, huko hakuna mtu."

"Umefika?"

"Sijafika."

"Basi tusubiri anayefika."

"Utafia njiani, mama."

"Na hapa nitaishi milele? Ondoka kwenye mwanga wangu."

Siku nyingine alimwomba aende yeye badala yake. Akaambiwa, "Wewe unakwenda kutafuta kaburi, utarudi na kaburi." Alimtuma mama yangu, naye akarudi anatikisa kichwa. "Sikio la kufa halisikii dawa, kaka. Tumwache."

"Nimwache aende kumtafuta mtu ambaye mimi nilimsikia akinyamaza?"

Mama aliacha kushona. Nilikuwa kizingitini, namenya viazi, na mjomba hakujali kama nasikia.

"Ndani ya kifaru unavaa simu za masikioni," alisema. "Injini inanguruma lakini mwenzako unamsikia kama yuko ndani ya kichwa chako. Mluzi alikuwa anapiga mluzi masikioni mwangu toka asubuhi. Halafu ukakatika. Katikati, dada. Hata hakuumaliza."

Ndipo akaeleza yote. Walikuwa juu ya mgongo wa kilima kisicho na mti. Kijani chao kilionekana kama nzi kwenye maziwa. Wale wa bondeni wakiinua macho wanaona kifaru na nyuma yake anga. Mluzi akasema, basi tuwe anga. Kwenye shule iliyohamwa kulikuwa na chokaa. Na Mluzi mfukoni alikuwa na buluu ya kufulia, vile vipande vya mraba, mama yake alimfungia kwenye kitambaa siku anaondoka, fulana zake zisije zikawa njano mbele za watu. Akavisaga, akachanganya na chokaa, akapaka kichwa chote cha kifaru, kile kinachozunguka juu, pamoja na mtutu, halafu akaweka mabaka meupe ya mawingu.

"Kamanda alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ni kifaru cha harusi. Halafu akashuka bondeni kukiangalia kwa mbali, akarudi hacheki. Akasema, sikukiona mpaka nilipokifikia. Wenzetu wa kijani wakapigwa, sisi hatukupigwa. Buluu ya Bibi Dobi hiyo."

"Halafu?"

"Halafu mvua ikanyesha."

Mama aliichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Tumejifungia ndani. Mvua juu ya kifaru inalia kama mchele unamwagwa sufuriani, na Mluzi anaifuata kwa mluzi. Hakuna aliyefikiria nje kukoje. Ikakatika, jua likatoka, na sisi tuko pale juu kijani kitupu. Mimi nilijua tumeshapigwa, nimerushwa nje, nimelala chini. Nikageuka, nikaona kile kichwa kina michirizi ya buluu inashuka kama machozi, na kinawaka. Kifuniko changu kilikuwa mbele, dada. Ningekiinua kidogo tu, nikachungulia."

"Hayo utamwambia?"

"La mvua? Halitoki. Nitamwonyesha kifaru chenyewe, kiti cha Mluzi na buluu yake. Hiyo buluu hakuna mtu mwingine duniani angeifikiria. Akiiona ataamini alikuwa mle. La mvua litabaki kwangu."

"Na uso wako haujawahi kusema uongo ukaaminiwa," mama alisema, akarudi kwenye cherehani.

Nimewahi kumwona mjomba akifanya kazi kwa raha. Safari hii hakukuwa na raha. Alikata bodi, akaivunja, akakata nyingine. Gundi ikamwagika kwenye paja na hakuifuta. Kila lori lililopiga honi barabarani alinyanyua kichwa. Kijani kilikubali mara moja. Kilichokataa ni ile buluu. Alileta kutoka gereji buluu ya teksi, inang'aa. Akaleta nyingine ya basi la shule, nzito kama ukuta. Akachanganya na nyeupe, akachanganya na kijivu, anapaka, anakiinua dhidi ya anga, anatukana kwa sauti ndogo, anafuta yote kwa thina. Ngozi ya vidole ikaanza kubanduka kwa thina. Mama alimletea mafuta ya kujipaka, akayaweka pembeni, yakaingia vumbi.

Ng'ambo ya ua begi la Bibi Dobi lilikuwa limeshafika mlangoni.

Jioni moja mjomba aliinuka na kuvuka.

"Mama, nina shida ya buluu."

"Wewe? Shati jeupe umelipata wapi?"

"Ni kazi ndogo."

"Chukua kopo lote. Ninakokwenda sijui kama wanafua." Halafu akamwangalia vidole. "Na mikono hiyo umemenyea nini? Paka mafuta, unatisha watoto."

Mjomba alivisaga vile vipande, akavichanganya na chokaa na maji tu, kama Mluzi alivyofanya. Akakipaka kile kichwa kwa kitambaa. Ilipokauka alikishika kwa mkono ulionyooka juu, huku jua bado lipo, na mimi kutoka nilipokaa nikaona magurudumu na bodi ya kijani, na juu yake hakuna kitu. Kichwa kilikuwa kimekwenda. Mjomba aliteremsha mkono polepole, akakaa, akaziba uso kwa kiwiko.

Kilichobaki ni kukizeesha. Vumbi, kutu ya minyororo, masizi, alama za buti karibu na kifuniko cha Mluzi. Halafu akachovya brashi nyembamba kwenye maji, akavuta mistari kutoka juu kwenda chini, buluu ikateremka na kijani kikachungulia.

"Kaka," mama alisema. "Hiyo michirizi ya nini?"

"Ndivyo kilivyokuwa."

"Si ulisema la mvua halitoki?"

"Ni michirizi tu. Nani ataijua?"

"Itoe."

Aliitoa. Akaipaka chokaa mpaka ikapotea. Kesho yake nilimkuta anaivuta upya, midomo ameibana. Mama alimwangalia tu. "Bila hiyo si chenyewe," mjomba alisema, kama mtu anayeomba. "Nitakuwa nimempelekea kifaru cha watu wengine."

Siku ilipoletwa habari kwamba lori linapita mchana, mjomba hakwenda kazini. Alivaa shati la vifungo. Bibi Dobi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, begi miguuni, amejifunga kilemba cha safari. Limebaki beseni moja dogo pale bombani na kipande cha sabuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniaga au kunizuia?"

"Nimekuja kukuonyesha kitu. Ukishakiona, ukitaka kwenda, begi nitakubebea mwenyewe."

Akamwekea mapajani. Bibi Dobi hakukigusa kwanza. Mjomba alipiga magoti, akainua kifuniko cha juu kwa ukucha. Ndani kulikuwa na viti vya bati, vidogo kama mbegu za boga.

"Hapa alikaa kamanda. Hapa Mluzi, kulia kwa mzinga. Mimi niko huku mbele. Akitaka kunichokoza ananyoosha mguu ananipiga teke la bega."

"Mguu wake ulikuwa mrefu," Bibi Dobi alisema.

"Mrefu sana, mama."

"Na mlango wake?"

"Ni huu. Siku hiyo ulikuwa umefungwa."

Bibi Dobi alikigeuza. Kidole chake kilipita kwenye kutu, kikatoka cha kahawia. "Mbona chafu hivi?"

"Ndivyo vinavyokuwa. Vumbi la njia, matope."

"Na hii michirizi?"

"Vumbi," mjomba alisema. "Vumbi na umande."

Mama yangu, mlangoni kwake, aliacha kukanyaga cherehani.

Bibi Dobi akasimama. "Mwanangu mimi hakai kwenye uchafu," akasema, na akaenda nacho bombani.

"Mama, usikioshe! Hakina vanishi, mama, kitatoka chote!"

Mjomba alimfuata mikono imenyooka, lakini mtu anamnyang'anyaje mama wa mwenzake kiti cha mwanawe? Akabaki amesimama juu yake. Maji yalifunguliwa. Bibi Dobi alikiweka kwenye beseni, akapaka sabuni kiganjani, akaanza. Alikiosha kama anavyoosha kola, kwa kidole gumba, pembe kwa pembe, taratibu. Maji yakawa ya kahawia. Udongo uliochekechwa kwa soksi, masizi, alama za buti, kazi ya jioni zote zile ilikwenda mtaroni na mjomba akiitazama. Chini yake ikatoka buluu.

Mkono wa Bibi Dobi ukasimama.

"Hii buluu yangu."

"Ndiyo, mama."

"Hii si rangi. Hii ni buluu ya kufulia."

"Ile uliyomfungia kwenye kitambaa. Alichanganya na chokaa. Tulikuwa kilimani, nyuma yetu anga tupu, akasema basi tuwe anga. Tusionekane."

Bibi Dobi alimwangalia, akakiangalia kile kifaru, halafu akaanza kucheka. "Mwizi huyu! Mwizi! Mimi nimempa ya fulana, yeye anakwenda kulipaka lichuma!" Alicheka mpaka akashika ukingo wa beseni, na machozi yakawa yanatoka na hayafuti kwa sababu mikono ina povu. Mjomba naye akacheka, sauti yake mbaya ya mtu asiyezoea.

"Kwa hiyo alikuwa humu."

"Alikuwa humu, mama."

"Siyo ng'ambo."

"Siyo ng'ambo."

Hakuuliza ulimwona. Nilisubiri aulize, na hakuuliza. Mjomba aliachia pumzi, mabega yakashuka, na mimi nikadhani yamekwisha.

Lakini bomba lilikuwa wazi, na mkono wa dobi hauna macho. Alikuwa amekishikilia kile kichwa chini ya maji huku kidole gumba kinaendelea, kinasuuza, kama kila siku ya maisha yake. Maji yalikuwa yameshakuwa ya buluu. Mjomba aliona kabla yake, akaruka kufunga bomba. Bibi Dobi akateremsha macho. Mkononi alikuwa na kifaru cha kijani.

Alikigeuza. Akaangalia kucha zake. Akaangalia beseni.

"Buluu haishiki," akasema polepole, kama anavyowaambia wateja. "Kwenye nguo inakaa mpaka maji yanayofuata. Kwenye chuma itakaa wapi?"

"Mama, kunywa chai kwanza—"

"Ile michirizi haikuwa vumbi."

"Ilikuwa vumbi."

"Kifaru. Ilinyesha?"

"Hapana," mjomba alisema, upesi mno. Uso wake ukafanya kile mama alichosema utafanya.

"Ilinyesha," Bibi Dobi akasema. Safari hii hakuwa anauliza. "Na nilimfungia mimi. Kwa mkono huu."

Mjomba alianza kusema mengi kwa pamoja. Kwamba buluu ndiyo iliyowaokoa siku zote za mwanzo, kwamba kosa ni lake yeye aliyekuwa na kifuniko cha mbele asichungulie, kwamba mvua hakuna aliyeileta. Bibi Dobi hakuwa anasikia. Alikuwa anakikausha kifaru kwa upindo wa nguo yake ya safari.

Lori likapiga honi. "Bibi, twende, njia ndefu!" dereva aliita kutoka nje. Mama yangu akaenda getini. Sikusikia alichomwambia, nilisikia tu gia zikiingia na lori likiondoka.

Kwa hiyo mjomba alipata alichokitaka. Bibi Dobi hakwenda. Watu walirudisha vitu, akapokea kamba na beseni kubwa. Anafua kama zamani, ila buluu hatii. Mashuka ya nyumba ya wageni yameanza kuwa njano, na mwenye nyumba hiyo akatuma mtu kulalamika. "Yatakuwa njano," Bibi Dobi alimjibu yule mtu, na akaendelea kukamua. Hagombezi tena juu ya vumbi, wala halipo. Mjomba akitoka gereji anakaa kigodani mikono mitupu, anaipakata, anaikalia, haijui pa kukaa. Vile vya rafuni amevigeuzia ukuta.

Mara moja nilimwona akivuka.

"Mama, nipe nikipake upya. Safari hii nitatia vanishi. Maji hayatapita."

"Sasa?" Bibi Dobi alisema.

Neno hilo tu. Hata hakulisema kwa hasira. Mjomba alirudi akakaa.

Kile kifaru kiko dirishani kwa Bibi Dobi, nje, kwenye ukingo wa saruji. Kijani kitupu, kisafi. Asubuhi anakitoa kipate jua. Na mawingu yakianza kukusanyika, hata yale ya uongo, anaacha anachokifanya, anakimbia na kifua chake kile, anakikumbatia, anaingia nacho ndani na kufunga mlango. Mashuka ya watu yanabaki kwenye kamba. Basi mjomba anainuka, anayaanua, moja baada ya jingine, na mvua inampata katikati, mikono imejaa nguo, amesimama mbele ya ule mlango hajui kama agonge.